Redio Iliyokubali Kufunguliwa

Ukiipindua redio ya valvu ya zama za 1950 na kuzilegeza parafujo zinazoushika ubao wake wa nyuma, aghalabu utakuta ndani karatasi iliyogandishwa, imegeuka rangi ya chai kwa joto la miaka mingi, na juu yake pamechorwa mahali pa kila valvu pamoja na jina lake, ili mtu mwenye macho na subira ajue ipi iende wapi pindi moja ikifa. Karatasi hiyo haikutiwa humo kwa pambo. Yalikuwa ni maneno ya mtengenezaji kwa mnunuzi, ya kwamba chombo hiki, maadamu kimekuwa mali yako, itafika siku kitaharibika, na siku hiyo ni halali yako kukifungua. Historia ya ufundi wa nyumbani katika nchi zetu, kwa rai yangu, ni historia ya ruhusa hiyo: jinsi ilivyotolewa, jinsi watu walivyoitumia, na jinsi inavyoondolewa leo kidogo kidogo mbele ya macho yetu.

Wala redio haikuzikuta nyumba zetu hazina maarifa. Kabla yake ilikuwako cherehani, ambayo mwenyewe aliijua mpaka vijitundu vyake vya mafuta. Likawako jiko la Primus, lililobuniwa Uswidi mwaka 1892. Ikawako na taa ya karabai iliyoleta weupe wa mchana katika usiku wa maulidi na wa harusi. Jiko na taa hiyo vyote viwili vilikwenda kwa mafuta ya taa yaliyosukumwa kwa pampu, na maradhi yao yalikuwa mamoja: ama ngozi ya pampu imekauka ikashindwa kuishika hewa, ama tundu la kupitia mafuta limeziba kwa masizi. Kila mwanamke aliyepikia Primus alijua kuilainisha ile ngozi kwa mafuta na kulizibua lile tundu kwa sindano nyembamba, na hakumwita fundi kwa jambo hilo, kama vile hapana amwitaye seremala ili amfungie dirisha. Wanawake basi walikuwa miongoni mwa mafundi wa mwanzo wa mitambo ya nyumbani, ingawa hapana aliyewapa jina hilo.

Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, kwa Kiingereza na kwa ajili ya walowezi, na ikapita miaka mingi kabla Mswahili hajaizoea lugha yake ikitoka ndani ya sanduku. Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari mjini Lusaka, aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya bei ya pauni 5, iliyotiwa katika umbo la duara mithili ya sufuria, yenye betri kavu ya kudumu takriban saa 300. Na hapo ndipo ilipobainika ya kuwa redio yaweza kumfikia mtu asiye na umeme wala utajiri. Mwaka 1951 zikaanza Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja; mwaka 1954 ikasikika Cairo kwa Kiswahili; na mwezi wa Juni 1957 ikafuata BBC ya London. Sauti zilipokuwa nyingi hivi, kuharibika kwa redio kukawa msiba wa mtaa mzima, kwa kuwa redio moja ilisikilizwa na baraza nzima, na waliokosa habari za jioni waliuliza habari ya mgonjwa huyo kila walipopita mlangoni.

Maradhi ya valvu yalikuwa mepesi kuyatambua. Ndani ya kioo chake mna uzi unaowaka mithili ya uzi wa taa, nao hufika siku ukakatika. Valvu iliyokufa haitoi mwanga wala joto, na kwa kuwa imesimama kwa miguu yake ndani ya kikalio, huchomolewa kwa mkono na nyingine ikatiwa mahali pake. Lakini katika redio za umeme wa ukutani mlikuwa na hatari, kwani umeme wa ndani yake ulizidi volti 200, na kapasita zake ziliweza kuuhifadhi umeme huo hata baada ya waya kung'olewa ukutani. Ndiyo maana fundi mwenye adabu ya kazi alimfunza mwanafunzi wake kuuweka mkono mmoja nyuma ya mgongo wakati wa kupima, ili umeme usipate njia ya kuuvuka moyo. Wahenga walisema kwamba mchonga mwiko hukimbiza mkonowe, na methali hiyo ilipata makao mapya juu ya meza ya fundi redio.

Walikuwako waliojifunza kazi hii madarasani, kama vile katika Chuo cha Kiislamu cha Mombasa kilichowapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kwa mafunzo ya ufundi. Lakini wengi zaidi walijifunza kwa kukaa karibu na ajuaye. Kijana alianza kwa kushika taa, kisha akapewa kazi ya kupokea parafujo na kuzipanga juu ya kitambaa kwa taratibu ile ile zilivyotoka, ili wakati wa kufunga isipotee hata moja wala isiingie mahali pasipo pake. Ilionekana kazi duni, kumbe ndiyo elimu yenyewe, kwani aliyeweza kukumbuka njia ya kuingilia hakushindwa kutoka.

Katika nyumba zilizopata umeme, mlango wa pili wa elimu hii ulikuwa pasi. Ndani ya pasi ya umeme ya zamani mna waya wa nikeli na kromiamu, uliozungushwa juu ya bamba jembamba la ulanga, jiwe ambalo halipitishi umeme wala haliungui. Na ulanga huo si mgeni kwetu, kwa kuwa tangu enzi ya Wadachi ulichimbwa katika milima ya Uluguru ukapelekwa ng'ambo. Pasi ikipoa ghafla, mwenye nyumba aliutazama kwanza waya wa nje pale unapoingia mpinini, mahali unapokunjwa kila siku, na mara nyingi hapo ndipo palipokatika. Aliukata, akaumenya, akaufunga upya, na nguo za sala ya Ijumaa zikanyooshwa.

Badiliko kubwa lilikuja na transista. Kifaa hiki kilivumbuliwa mwezi wa Desemba 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, na kufikia 1954 kikawa kimeingia katika redio ya mfukoni iliyouzwa madukani. Redio ikapungua ukubwa, ikaachana na ukuta, ikaenda shambani na baharini kwa betri chache. Mafundi ilibidi wajifunze upya, kwani transista za awali zilikuwa za jamaniamu, zisizostahimili moto. Hivyo fundi alipolehemu mguu wa transista aliubana kwa koleo baina ya risasi iliyoyeyuka na mwili wa kifaa, ili joto liishie katika chuma cha koleo. Majina yake, OC44, OC45, OC71, waliyahifadhi mithili ya manahodha wanavyohifadhi nyota. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ikaanzisha kiwanda Dar es Salaam, na betri za National zikawa kitu cha kawaida hata katika duka la kijijini.

Redio hizi ndogo ziliwafanya watu wengi wawe nusu mafundi. Springi za betri zilizopata kutu kwa chumvi ya pwani zilisuguliwa kwa msasa. Uzi wa kuzungusha mshale ulipokatika, mvuvi alitoa kipande cha mshipi wake kikakaa mahali pake. Karatasi ya spika iliyochanika iliungwa kwa gundi na kijikaratasi. Na betri zilizochoka zilianikwa juani, nazo zikasema tena kwa muda, kwa kuwa joto huzichangamsha kemikali zilizolala. Ilipofika mwaka 1973, na kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, redio nzima ilikuwa ni darasa, na aliyejua kuitengeneza alikuwa mlinzi wa darasa hilo.

Baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipoadimika na rafu za maduka ya Tanzania zikawa tupu, ufundi huu ulipanda daraja. Mafundi waliishi kwa mizoga ya redio, wakitoa transista katika hii na spika katika ile, mpaka milango ya biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984. Nchini Kenya nako, mafundi wa Kamukunji, waliofanya kazi pasipo paa, waliipatia lugha yetu jina la jua kali, ambalo leo lina heshima.

Kisha sanduku likaanza kufungwa. Mahali pa parafujo pakaingia gundi. Mahali pa transista anayoweza kuishika mtu kwa kidole pakaingia vipande visivyoonekana ila kwa hadubini. Na bei ya kitu kipya ikashuka hata kutengeneza cha zamani kukaonekana upumbavu. Mafundi wa simu wa Kariakoo na wa barabara ya Luthuli mjini Nairobi hawakushindwa, kwa kuwa hulegeza gundi kwa hewa ya moto na kulehemu chini ya kioo cha kukuza, na mimi nawavulia kofia. Aliyeshindwa ni mtu wa nyumbani, aliyenyang'anywa mahali pa kuingizia bisibisi. Mwaka 2022 pekee dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na kiasi kilichokusanywa na kurejelezwa ipasavyo, kwa hesabu zilizothibitika, hakikufika robo.

Nchi zenye viwanda zenyewe zimeanza kujuta. Mjini Amsterdam, mwaka 2009, Martine Postma aliwaalika majirani walete vibaniko na taa zao mbovu wazitengeneze pamoja. Ufaransa tangu 2021 imelazimisha baadhi ya vyombo vibandikwe alama inayoonyesha urahisi wa kutengenezeka. Na Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza vyombo mwaka 2024. Nasi tusingoje sheria hiyo ivuke bahari ndipo tukumbuke tuliyokuwa tukiyafanya barazani. Anunuaye simu au blenda na aulize dukani, kama alivyouliza bei, iwapo betri yake hutoka na iwapo mwili wake una parafujo. Na palipo na redio iliyokufa kabatini, apewe mtoto, pamoja na bisibisi na kitambaa cheupe, kisha aambiwe azipange parafujo kwa taratibu ile ile zinavyotoka.