Ufunguo wa Ghala la Data: Historia ya Draiva za Vidhibiti vya Diski

Tangu Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ilipofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, Pemba imekuwa chimbuko la kumbukumbu nyingi za kitafiti, na utafiti mmoja tu wa madini ya zinki, uliochapishwa mwaka 2007, uliwahusisha zaidi ya watoto 40,000 wa kisiwa hicho. Kumbukumbu za wingi huo huhitaji seva, yaani kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine, na seva nayo hutegemea programu ndogo ambayo wengi hawaijui hata kwa jina.

Programu hiyo ni draiva ya kidhibiti cha diski. Kidhibiti ni kadi au chipu inayopokea amri za kusoma na kuandika na kuzifikisha kwenye diski, ilhali draiva ni mkalimani baina yake na mfumo endeshi. Mwaka 1986 kiwango cha SCSI, cha kuunganisha diski na kompyuta, kilirasimishwa, na mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaeleza namna ya kuziunganisha diski za bei nafuu katika safu moja, iitwayo RAID, ili moja ikiharibika data zisipotee.

Kwa kuwa kila kampuni ilitengeneza vidhibiti kwa namna yake, mafundi walikabiliwa na fumbo linalofanana na la ufunguo uliofungiwa chumbani: mfumo endeshi haukuweza kusakinishwa katika diski usiyoiona, wala haukuweza kuiona bila draiva. Katika Windows 2000 na Windows Server 2003 fundi alibonyeza kitufe cha F6 mwanzoni mwa usakinishaji, kisha akatia flopi ya megabaiti 1.44 yenye draiva, na aliyechelewa sekunde chache alilazimika kuanza upya. Linux ilifuata njia nyingine, ya kupakia kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta mfumo mdogo wa muda, uitwao initrd, uliobeba draiva zinazohitajika kuifikia diski. Windows Server 2008 ndiyo iliyowaondolea mafundi ulazima wa flopi, kwani ilikubali draiva kutoka kwenye CD au kifaa cha USB.

Kwa Pemba, suala la vidhibiti na draiva haliachani na umeme, ambao hadi mwaka 2010, kebo ya kilovolti 33 ilipovushwa chini ya bahari kutoka Tanga, ulitokana na jenereta za dizeli. Kidhibiti huweka kwa muda data zinazosubiri kuandikwa, na umeme ukikatika ghafla data hizo hupotea, isipokuwa kama kidhibiti kina betri ya kuzilinda. Draiva na programu za usimamizi ndizo zinazomwarifu msimamizi kwamba betri imechoka.

Kiwango cha NVMe cha mwaka 2011, cha mawasiliano ya kompyuta na diski, kimepunguza wingi wa lugha za vidhibiti, kwa kuwa draiva moja huweza kuhudumia diski za kampuni nyingi. Hata hivyo, safu iliyoundwa na kidhibiti cha zamani aghalabu husomeka kwa kidhibiti cha jamii hiyo hiyo tu, na kwa sababu hiyo taasisi inayohifadhi kumbukumbu za watoto wa Pemba, ikitaka zisomwe na watafiti wa kesho, inawajibika kuihifadhi draiva sawa na inavyozihifadhi data zenyewe.