Boriti ya Jua



Katika masomo ya Kiingereza neno moja lilitutatiza wengi: "beam". Katika Injili ya Mathayo, sura ya 7, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hulitumia kwa ile boriti iliyo jichoni mwa mtu anayelaumu kibanzi cha mwenziwe. Lakini katika "sunbeam", neno lilo hilo ni mwali wa jua. Boriti na mwali vina udugu gani?

Jibu limo katika historia. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Waingereza walisema "beam" kwa maana ya mti, ungali umesimama na mizizi yake. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, mpaka leo huuita mti "Baum". Katika Kiingereza maana hiyo imesalia katika majina machache ya miti, kama "hornbeam". Mti ulipokatwa na kuchongwa, jina liliufuata mpaka darini, likawa boriti. Likaingia hata melini: kwa kuwa boriti za sitaha hupita kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, upana wa meli nao ukaitwa "beam".

Na nuru je? Wataalamu hudhani chanzo ni Maandiko. Waandishi wa Kiingereza cha kale, walipotaka neno la ile nguzo ya moto iliyowaongoza Waisraeli jangwani, waliiita "beam", kana kwamba ni mti wa nuru. Kutoka kwenye nguzo hiyo, jina likaenea kwa miali ya jua, na baadaye hata kwa taa za gari na uso wenye tabasamu.

Nayasema haya kwa sababu. Wengi wa rika letu tulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, tukaaminishwa kwamba Kiingereza pekee ndiyo lugha ya wenye akili. Kumbe neno lake hili la nuru lilikatwa msituni, kama zile boriti za mikoko zilizosafiri kwa majahazi kutoka Lamu na Rufiji hadi Arabuni! Hakuna lugha iliyoshuka mbinguni ikiwa kamili. Kila moja hujengwa na wenyewe, kwa miti iliyo karibu nao.

Wajukuu wetu na wasome Kiingereza, tena wakijue barabara. Lakini kibao kile wasivishwe.