Namutoni: Boma la Mpakani na Kuta Zake Zilizojengwa Upya

Mashariki mwa bonde la chumvi la Etosha, kaskazini mwa Namibia, lipo boma jeupe lenye minara na kuta zilizochongwa meno juu, ambalo mgeni hulidhania kuwa limesimama hivyo tangu siku za Wajerumani, ilhali sura anayoiona leo imetokana na ukarabati wa miaka ya 1950, uliofanywa na utawala wa Afrika Kusini baada ya jengo kugeuka gofu. Neno boma, ambalo Watanzania huliitia majengo ya zamani ya utawala wa Kijerumani wilayani, linaifaa Namutoni barabara, kwa kuwa nayo ilikuwa kambi ya askari, kituo cha ukaguzi na alama ya himaya kwa wakati mmoja.

Chanzo chake kilikuwa ng'ombe. Sotoka, yaani ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiua ng'ombe na baadhi ya wanyama wa porini wenye kwato kabla ya kutokomezwa duniani mwaka 2011, na ambao mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuwa umekwisha kuwafukarisha Wamasai na wafugaji wengine wa Afrika Mashariki, ulienea kusini ukavuka mto Zambezi mwaka 1896, ndipo utawala wa Kijerumani ulipoweka mlolongo wa vituo ili mifugo ya kaskazini isifike kwenye malisho ya walowezi. Namutoni ilichaguliwa kwa ajili ya chemchemi yake, ambayo hadi leo imezungukwa na mikoche, maana katika nchi kavu kama ile aliyeshika maji ameshika njia. Haukupita muda mrefu kituo cha kukagua mifugo kikawa cha kukagua watu pia: wafanyabiashara, wenye bunduki, na vibarua waliotoka Uovambo, nchi ya Waovambo upande wa kaskazini, kwenda kutafuta kazi kusini.

Januari 1904 Waherero, wafugaji wa sehemu ya kati ya nchi, waliinuka dhidi ya ukoloni, na tarehe 28 ya mwezi huohuo Nehale lya Mpingana, aliyetawala upande wa mashariki wa ufalme wa Ondonga, mmoja wa falme za Waovambo, huku ndugu yake Kambonde akitawala magharibi, alipeleka wapiganaji wapatao 500 kuishambulia Namutoni, ambamo walikuwamo Wajerumani saba tu. Hao saba walifyatua risasi kutoka nyuma ya kuta mchana kutwa, wakawaua washambuliaji wengi waliolazimika kusogea mahali peupe pasipo pa kujikinga. Lakini risasi zilipokaribia kwisha walitoroka usiku, na Wandonga wakaliteka boma na kulibomoa. Bamba la kumbukumbu lililowekwa kwenye mnara lina majina ya wale saba, na anayelisoma peke yake huondoka akiamini kuwa pale palikuwa na ushindi wa Wajerumani, ingawa ukweli ni kwamba boma lilianguka.

Mwaka huohuo vita dhidi ya Waherero viliongozwa na Lothar von Trotha, ambaye kabla ya hapo alikuwa amelisimamia jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki, na amri yake ya Oktoba 1904 ya kuwaangamiza Waherero ni sehemu ya mauaji ambayo serikali ya Ujerumani iliyatambua kuwa ya kimbari mwaka 2021. Namutoni ilijengwa upya baada ya shambulio, mara hii ikiwa kubwa na imara zaidi. Mwaka 1907 eneo linaloizunguka likatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na Julai 1915 boma likasalimishwa kwa majeshi ya Afrika Kusini. Waliolitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 1950, kisha wakalikarabati kwa ajili ya watalii, walirudisha sura ya jengo pamoja na masimulizi ya waliolijenga, na hilo ndilo kosa kubwa la ukarabati ule, kwa sababu ukuta uliopakwa chokaa vizuri humfanya mtazamaji aamini kuwa nguvu ya mkoloni ilikuwa kamili.

Haikuwa kamili. Kaskazini mwa Namutoni Wajerumani hawakuwahi kuweka utawala wao wenyewe juu ya falme za Waovambo hadi walipoondoka mwaka 1915, na lango la hifadhi ya Etosha linaloelekea huko linaitwa leo kwa jina la Mfalme Nehale lya Mpingana.