Makao ya Kuazima: Historia Fupi ya Mazingira ya Kuigiza Utando wa Seli

Protini za utando wa seli ni malango ambamo chumvi, virutubisho na ishara hupita, na sehemu kubwa ya dawa za binadamu hulenga malango hayo. Hata hivyo, maumbo yake yalichelewa kujulikana kuliko ya protini zinazoelea majini. Sehemu zake za kati huchukia maji. Zikiondolewa katika utando wenye mafuta huharibika umbo na kugandamana. Mtafiti hulazimika kuzitafutia makao mengine, na makao hayo yana athari yake katika kile anachokiona.

Kiswahili kina maneno mawili kwa dhana hii, utando na kiwambo. La pili humkumbusha msikilizaji ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Tangu S. J. Singer na Garth Nicolson walipochapisha kielelezo chao mwaka 1972, utando wa seli hueleweka kuwa kitu chenye umajimaji ambamo protini husogea. Kwa maana hiyo, utando ndilo neno linalofaa zaidi.

Mwaka 1975, Richard Henderson na Nigel Unwin walikwepa tatizo kwa kuichunguza bakteriorodopsini ikiwa bado ndani ya utando wake wa asili, kwa darubini ya elektroni. Lakini ni protini chache zinazojipanga zenyewe kwa utaratibu kama huo. Hartmut Michel alichukua njia ya sabuni maalumu, ambazo molekuli zake huizunguka protini na kuficha sehemu zinazochukia maji. Fuwele alizozipata zilifichua umbo la kituo cha usanisinuru cha bakteria, na yeye, Johann Deisenhofer na Robert Huber wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1988.

Sabuni ikawa desturi, ingawa kifungu cha sabuni, yaani misela, ni kidonge cha mviringo, ilhali utando ni tabaka mbili tambarare za lipidi. Ehud Landau na Jürg Rosenbusch walionyesha mwaka 1996 kwamba fuwele zaweza kukuzwa ndani ya lipidi zilizojipanga kwa muundo wa mchemraba. Mwaka 2002 kundi la Stephen Sligar, Illinois, lilitangaza nanodiski: visahani vya lipidi vyenye upana wa takriban nanomita 10, vilivyofungwa mshipi wa protini.

Gharama ya kupuuza makao ilidhihirika mwaka 2008. Jarida la Nature lilichapisha pamoja makala mbili kuhusu M2, mfereji wa protoni wa virusi vya homa ya mafua A. Moja, iliyotumia fuwele zilizokuzwa katika sabuni, iliiweka amantadini ndani ya tundu la mfereji. Nyingine, iliyotumia mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu katika misela, iliweka molekuli nne za rimantadini, dawa ya jamii hiyohiyo, upande wa nje. Vipande vya protini vilivyotumika navyo havikulingana kwa urefu. Hili halikuwa zogo la wasomi tu: virusi vilikuwa vimekwisha kuwa sugu kwa dawa hizo, na anayebuni dawa mbadala lazima ajue pa kulenga. Mwaka 2010, uchunguzi katika tabaka mbili za lipidi ulionyesha kwamba amantadini hushika kwa nguvu ndani ya tundu. Upande wa nje hushika kwa udhaifu, dawa inapozidi kuwa nyingi.

Kwa Afrika Mashariki, tukio la karibu zaidi ni la mwaka 2019. Umbo la PfCRT, protini ambayo mabadiliko yake huwapa vimelea vya malaria usugu dhidi ya klorokwini, lilichapishwa kwa usahihi wa nanomita 0.32. Protini hiyo iliwekwa katika nanodiski, kisha ikapigwa picha kwa darubini ya elektroni katika baridi kali. Tanzania ilikuwa imeiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria tangu mwaka 2001. Lakini protini iliyopigwa picha ni ya aina ya 7G8, yenye asili ya Brazili. Aina iliyoenea zaidi miongoni mwa vimelea sugu barani Afrika ina mabadiliko tofauti. Maabara za kanda zinazokusanya sampuli za vimelea hivyo zina hoja ya kutosha ya kudai nafasi katika kuchagua aina itakayochunguzwa, na makao itakayochunguzwa ndani yake.