Maofisa wa Kimarekani katika Kambi ya Kamina, 1964

Reli iliyotoka Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ilifika Bukama mwaka 1918, mahali ambapo vyombo vya mto Lualaba huanza safari ya kwenda kaskazini hadi Kongolo, na kutoka hapo ikaendelezwa kupitia Kamina hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, iliyofikiwa mwaka 1928. Kwenye uwanda huo wa juu ambao reli ilikuwa imeufungua, Wabelgiji walianza mwaka 1949 kujenga kambi kubwa ya kijeshi nje ya mji wa Kamina, yenye barabara ndefu za kurukia ndege na chuo cha urubani, wakiitazama kama ngome ya nyuma endapo vita vipya vingezuka Ulaya. Vita hivyo havikuja. Walioitumia kambi hiyo baada ya uhuru wa Kongo walikuwa majeshi ya Umoja wa Mataifa na, kwa siku chache za Novemba 1964, maofisa wa anga wa Marekani.

Mwaka huo waasi wa Kongo walioitwa Simba waliiteka Stanleyville, Kisangani ya leo, wakawashikilia mamia ya wageni, miongoni mwao balozi mdogo wa Marekani, Michael Hoyt. Serikali ya Waziri Mkuu wa Kongo, Moïse Tshombe, ilikuwa imemtegemea Kanali Frédéric Vandewalle, Mbelgiji, ambaye msafara wake wa magari, wenye askari wa Kongo na mamluki, uliondoka Kamina mwanzoni mwa Novemba kwa njia ya Kongolo na Kindu. Kwa kuwa msafara wa nchi kavu haungeweza kuwahi kuwaokoa mateka, Washington na Brussels zilikubaliana juu ya operesheni iliyopewa jina la Dragon Rouge, ambamo ndege za Marekani zingewabeba askari wa miamvuli wa Ubelgiji, yaani wanajeshi wanaoruka kutoka angani.

Miongoni mwa waliopanga operesheni hiyo katika makao makuu ya majeshi ya Marekani barani Ulaya alikuwamo Brigedia Jenerali Russell Dougherty, mwanasheria aliyezaliwa Glasgow, Kentucky, mwaka 1920, ambaye kati ya 1974 na 1977 aliongoza kamandi ya anga iliyosimamia ndege za masafa marefu na makombora ya nyuklia. Kikosi cha ndege za uchukuzi za C-130 kiliongozwa na Kanali Burgess Gradwell, na Wabelgiji waliobebwa humo waliongozwa na Kanali Charles Laurent. Ndege hizo ziliondoka Ubelgiji usiku wa tarehe 17 Novemba, zikapitia Hispania na kisiwa cha Ascension, kilichokuwa chini ya Uingereza, kisha zikatua Kamina, ambako maofisa walirekebisha mipango yao kulingana na umbali, mafuta na saa ya mapambazuko.

Alfajiri ya tarehe 24 Novemba, ndege 5 za kwanza ziliangusha askari 320 juu ya uwanja wa Stanleyville. Mateka wengi waliokolewa, lakini waasi waliwapiga risasi wengine barabarani, akiwamo daktari mmisionari Paul Carlson. Siku mbili baadaye Paulis, Isiro ya leo, nayo ilivamiwa kwa namna hiyo hiyo. Kikosi cha anga namba 464, ambacho kilitoa ndege hizo, kilitunukiwa Tuzo ya Mackay, ya jeshi la anga la Marekani, ya mwaka 1964 kwa kazi hiyo.

Ustadi wa marubani hauna budi kukubaliwa: kupeleka jeshi kutoka Ulaya hadi moyo wa Afrika kwa muda mfupi namna ile kulihitaji nidhamu ya hali ya juu. Hata hivyo, kipimo cha tuzo hakitoshi. Ndege ziliondoa hasa wageni, na wenyeji wengi walibaki katika mji ambao sasa jeshi la serikali na mamluki waliuingia wakiua. Nchi nyingi za Afrika zililaani operesheni hiyo, na Rais Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Wasifu wa Dougherty na wa Gradwell hauwezi kuandikwa kwa haki bila hesabu ya Wakongo waliouawa Stanleyville baada ya ndege kuondoka, na wanahistoria wa jimbo la Haut-Lomami, ambao kambi ile imo katika ardhi yao, ndio wanaostahili kuidai hesabu hiyo.