Rayoni, Spandeksi na Pasi ya Mkaa nchini Uganda

Nyumbani kwetu pasi ya mkaa ilipimwa kwa mate. Shangazi alilamba kidole, akagusa chini ya pasi upesi, na mlio wake ukamwambia kama iko tayari. Kipimo hicho kilifaa kwa shati la shule la pamba. Siku kilipotumika kwa blauzi ya rayoni na spandeksi iliyonunuliwa soko la Owino, bega moja liling'aa, likakakamaa, na halikuvutika tena. Katika insha hii nadai kwamba kosa halikuwa la shangazi. Vitambaa vilibadilika ndani ya nyumba zetu, lakini namna ya kupima joto ikabaki ya zamani.

Rayoni ni ngeni kwa umri, ingawa asili yake ni mti. Mwaka 1889 Mfaransa Hilaire de Chardonnet alionyesha mjini Paris hariri bandia aliyoitengeneza. Mwaka 1892 Waingereza Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle wakapata njia nafuu zaidi: massa ya mbao huyeyushwa kwa kemikali, kisha husukumwa kupitia vitundu vidogo yawe nyuzi. Jina "rayon" lilianza kutumika Marekani mwaka 1924. Nyuzi hizi hunyonya maji sana, na zikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Maji hulegeza vifungo vilivyomo ndani ya uzi. Nguo ikikauka ikiwa imekunjwa, vifungo hushikana upya palepale penye mkunjo. Kwa hiyo ukipiga pasi rayoni kavu kabisa, utaongeza moto bila faida. Unyevu ulioleta mkunjo ndio unaouondoa.

Afrika Mashariki ilikutana na kitambaa hiki kwa wingi katika miaka ya 1930, na sababu yake ni ya kisiasa. Mwaka 1934 Uingereza iliwekea mipaka nguo za Kijapani katika makoloni yake mengi. Uganda, Kenya na Tanganyika hazikuguswa, kwa kuwa mikataba ya Bonde la Kongo, iliyotokana na Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ilidai usawa wa biashara kwa mataifa yote. Vitambaa vya bei nafuu vya Japani, pamoja na hariri bandia, viliendelea kupita Mombasa hadi maduka ya bara. Mikataba iliyoandikwa kwa faida ya wakoloni ikamfaa mnunuzi maskini, jambo ambalo sidhani lilikusudiwa Berlin.

Hata hivyo, pamba ndiyo iliyotufundisha kupiga pasi. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, na kiwanda cha nguo cha Nyanza kikaanza kazi mji huohuo. Umeme na kitambaa vilizaliwa pamoja, lakini kitambaa kilifika vijijini, umeme haukufika. Pasi ya umeme ilikuwa imesajiliwa New York na Henry Seeley tangu 1882. Kwetu mkaa ukaendelea.

Spandeksi ilikuja baadaye. Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont aliitengeneza mwaka 1958, akitafuta mbadala wa mpira katika nguo za ndani za kubana. Hii si mti tena, ni plastiki inayovutika, na joto kali huua mvutiko wake kabisa. Katika alama za pasi zilizozoeleka kwenye lebo, nukta moja ni nyuzi 110 za Selsiasi, mbili ni 150, tatu ni 200. Rayoni peke yake kwa kawaida huvumilia nukta mbili. Ikichanganywa na spandeksi, ni salama kushuka hadi moja. Lakini nguo nyingi za mivumba, yaani mitumba, hufika lebo zikiwa zimekatwa au zimefutika.

Kwa nini basi watu wasiache pasi, wakatundika nguo bafuni penye mvuke kama wanavyoshauriwa wa Ulaya? Kwa sababu kwetu pasi haikuwa ya unadhifu tu. Yuko nzi, Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi na kuleta jipu. Mama anayesisitiza pasi ya moto hata kwa nepi ana hoja ya kiafya.

Hoja hiyo, hata hivyo, haihitaji nyuzi 200. Nukta moja tayari inazidi joto la maji yanayochemka, na mayai hayastahimili hilo, mradi pasi ipite polepole kila mahali, hasa kwenye mishono na ukanda wa kiuno.

Shangazi sasa hugeuza nguo ndani nje ikiwa bado na unyevu kidogo, huinyoosha kwa mikono bila kuivuta, na kutandika kipande cha kanga kuukuu juu yake. Husubiri makaa yafunikwe na majivu, kisha huijaribu pasi kwenye pindo la ndani. Hukandamiza na kuinua, hasugui. Mishono huirudia mara mbili.