Monte Carlo Masters

Monte Carlo Masters ni mashindano ya tenisi ya wanaume wa kulipwa, yanayochezwa kwa kawaida mwezi Aprili kwenye viwanja vya udongo. Yalianza mwaka 1897. Licha ya jina lake, viwanja vyenyewe viko Roquebrune-Cap-Martin, upande wa Ufaransa, jirani kabisa na Monaco. Udongo huo ni unga wa matofali yaliyosagwa: mpira hupungua kasi, hudunda juu na kuacha alama. Kwa miaka mingi mwamuzi alishuka kitini kuikagua alama hiyo ili kuona kama mpira ulitua ndani au nje, hadi mitambo ilipochukua kazi hiyo mwaka 2025. Rafael Nadal alitwaa taji mara 11, nane kati ya hizo mfululizo (2005–2012), rekodi ambayo si rahisi kuifikia. Novak Djokovic alikatiza mfululizo huo kwa kumshinda katika fainali ya 2013.